Tarehe Mosi Januari, Themanini

Mwantumu ameacha kuuliza bei.
Sasa anauliza uniti:
"Hilo dude lako, kwa usiku mmoja, linakula ngapi?"
Mimi nimeliinamia kasha la bati
nililoliokota ghalani, ofisi ya zamani ya mkonge,
lina kutu ya Tanga, kutu ya upande wa bahari,
inayokula chuma kama mchwa anavyokula mlango,
ndani kwanza.

Nilipolifungua nilikuta buibui,
risiti ya kamba ya mwaka tisini na sita,
na mende watatu wakavu
waliokufa wamepanga foleni kuelekea kwenye feni.

"Simu ya Rajabu inao mchezo huohuo," anasema.
Kweli inao. Mpwa wangu aliupakua akiwa msalani.
Ukigusa tu, huo hapo: kigari chekundu, madaraja,
mto wa buluu, muziki wa sauti tatu.
Nilicheza nikafika daraja la tisa, chai haijapoa.
Nikamrudishia simu yake
kama mtu arudishaye shati alilolijaribu dukani:
limemkaa vizuri, si lake.

Fundi Semhando wa Barabara ya Kumi na Mbili
alidhani hatujaelewana.
"Wenzio wanakuja hapa wanalilia kasi.
Wewe prosesa ya kasi unayo mkononi,
unaniomba ya polepole?"
Nikamweleza: mchezo huu haujui saa,
unahesabu pumzi za mashine.
Mashine ikihema haraka, kigari kinaruka,
kinagonga nguzo hata kidole hakijashuka.
Sharti uutafutie mashine inayohema nao sawa.
Semhando akanitazama kama anayetazama mgonjwa.
Halafu akavuta droo ya chini,
ile asiyowafungulia wateja.

Kumbe.
Chipu, moja moja, ndani ya karatasi za sigara,
kila moja na jina lake kwa penseli.
"Hizi siuzi," akasema.
Akanipa mbili.

Kadi ya sauti ilitoka Moshi kwa basi,
imefichwa kwenye mfuko wa unga wa ulezi.
Kioo nilikitoa saluni, Chumbageni,
kizito kama mtungi uliojaa,
nikakifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli,
watoto wakanifuata hadi Ngamiani
wakiuliza mpira unaanza saa ngapi.
Nikachomelea wiki nzima.
Hata ugali ukanuka risasi.

Jumamosi, baba akihesabu marobota ya katani,
karani mkuu akienda kula,
tulikuwa na dakika arobaini.
Dada yangu Mwajabu alishika mishale,
mimi kile kitufe kirefu cha chini.
Yeye anaendesha, mimi narusha.
Yeye akisema "sasa!", mimi nimechelewa.
Daraja la tatu hatukulivuka. Hata mara moja.

Nilimpigia, yuko Masasi siku hizi.
"Mchezo gani?" akasema.
"Mimi nakumbuka maandazi ya yule karani."
Nimetafuta. Kwenye flopi hii hamna maandazi.

Jana usiku ikawaka.
Feni ikaguna, diski ikakwaruza
kama kuku anayechakura kwenye changarawe,
vinyweleo vya mkono vikasimama kukielekea kioo.
Betri ya saa ilikufa zamani,
kwa hiyo mashine kila ikiamka inaamini
leo ni tarehe mosi Januari, themanini.
Baba hajaajiriwa. Mwajabu hajazaliwa.
Mimi ndiyo kabisa.
Inauliza, kwa herufi nyeupe, kama ndivyo;
ukitaka, unaisahihisha.
Sikuisahihisha.

Daraja la kwanza. La pili.
La tatu nikasikia "sasa!"
nikachelewa,
kigari kikazama kwenye buluu.

"Umefungwa?" Mwantumu, toka kitandani.
"Nimefungwa."
"Basi zima, ulale."
Nikamwambia nazima.
Diski ikaanza kukwaruza upya.